Misa Luba na korale zetu: kipaji kinazaa nini?

Tunapoandika juu ya mila, tunasema zaidi juu ya ngoma, ndoa, majina na hadithi za wazee. Mara nyingi tunasahau ya kwamba kanisa nalo limekuwa nyumba kubwa ya utamaduni wetu. Humo mtoto wa Katanga anajifunza kuimba mbele ya watu, kusema bila woga, kuongoza wenzake. Wengi wametambua humo kazi ambayo Mungu amewapa hapa duniani. Basi inafaa tuchunguze kanisa kama tunavyochunguza mambo mengine ya utamaduni: tusifu kinachostahili sifa, tuseme wazi kinachopungua.

Nakamata kazi mbili zilizozaliwa hapa Katanga katika miaka ile ile ya 1950, zote mbili kando ya wamisionari Wafransisko: Misa Luba ya Kamina, na Jamaa ya Kolwezi. Ya kwanza ilitembea dunia nzima. Ya pili ilibaki zaidi katika nyumba za wafanyakazi. Tukizipima pamoja, tutapata kipimo cha kupimia hata korale zetu za leo.

1. Kazi ya Kamina

Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Congo katika mwaka 1953. Pale Kamina alikusanya wavulana yapata 45, wa miaka kati ya 9 na 14, pamoja na walimu yapata 15. Kundi likapewa jina la mfalme: Les Troubadours du Roi Baudouin. Hawakuanza na noti. Walianza na kile walichokuwa nacho: namna yetu ya kuitana na kuitikiana, ngoma, kilio cha kasala, nyimbo za kuagana. Walikamata maneno ya Misa ya Kilatini, wakayajaribu juu ya mambo hayo, wakageuza, wakarudia. Tarehe 23 Machi 1958 Misa hiyo iliimbwa kule Kamina. Mwaka ule ule kundi likaenda Ulaya, likaimba katika maonyesho makubwa ya Bruxelles, na Misa ikatiwa katika diski. Katika mwaka 1968 Mwingereza Lindsay Anderson aliweka Sanctus yake katika sinema if...., na vijana wengi wa Ulaya wakaipenda bila kujua Kamina iko wapi.

Tusiache kuikumbuka hali ya wakati ule. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulikuwa haujaanza. Hati yake juu ya liturujia ilitoka tarehe 4 Desemba 1963. Katika misioni nyingi ngoma ilihesabiwa kuwa kitu cha kipagani, ikabaki nje ya mlango. Kuiingiza mpaka mbele ya altare, siku ile, lilikuwa jambo la ujasiri.

Na kama kazi ya muziki, je, ni nzuri? Ndiyo, tena sana. Katika Kyrie, sauti ya Joachim Ngoi, aliyekuwa mwalimu pale Kamina, inapanda peke yake, na kundi linamwitikia. Hakuna mapambo ya bure. Huruma inaombwa kama vile kwetu mtu analia matanga. Katika Credo, pale panapotajwa msalaba, kilio cha kasala kinasikika, na msikilizaji anafahamu ya kwamba hapa kuna maiti ya kweli, siyo fundisho tu. Sanctus inaanza polepole, kama watu wanaoagana njiani, halafu Hosanna inafungua mlango na miguu inataka kucheza. Aliyetunga hivi anajua imani na anajua kijiji.

Lakini ni nani aliyetunga? Hapa ninaona upungufu wa kwanza. Jina lililotembea pamoja na Misa hii ni lile la Haazen. Kazi yake ilikuwa kubwa: aliona, aliita watu, aliwapa nafasi. Hata hivi, ile kasala haikutoka Ubelgiji. Ilitoka katika vinywa vya wale walimu na wale watoto, na msomaji wa leo akitaka kujua majina yao, ukiacha lile la Ngoi, atatafuta sana.

Upungufu wa pili ni wa lugha. Muziki ulikuwa wetu, maneno yakabaki Kilatini. Haikuwa kosa la watu wa Kamina, kwani sheria ndivyo ilivyokuwa. Lakini matokeo yake ni kwamba mama aliyesikia wimbo ule aliguswa na sauti, huku maneno yenyewe yakimpita.

Upungufu wa tatu ulikuja nyuma, na haukutoka kwa waimbaji. Kile kilichoimbwa kwa kubuni, siku kwa siku, kiliandikwa katika noti kwa kufuata diski. Leo korale za Ulaya na Marekani zinarudia vilevile pumzi aliyovuta Ngoi siku moja tu. Kitu kilichokuwa kinaota kimekaushwa kama samaki. Samaki mkavu anasafiri mbali, ni kweli, lakini hazai tena.

2. Kazi ya Kolwezi

Katika mwaka 1953 Padri Placide Tempels, yule aliyeandika kitabu juu ya filosofia ya Wabantu katika mwaka 1945, alikuja Ruwe, karibu na Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa Union Minière. Wakristu waliomzunguka, mume na mke pamoja, walijiita Jamaa. Waliongea kwa Kiswahili, kile cha kambi na soko. Neno lao lilisimama juu ya mawe matatu ya jiko: uzima, uzazi, mapendo.

Angalia vizuri, ndugu msomaji. Hapa hakuna diski wala safari ya Bruxelles. Lakini mfanyakazi wa mgodi, aliyezoea kupokea amri kutwa nzima, alisimama jioni akatoa mafundisho. Mke wake naye alisema, akasikilizwa. Uzazi haukuwa maneno ya watoto wa tumbo tu. Mtu aliyeamshwa katika imani alipashwa kumzaa mwingine kwa roho, naye huyo amzae mwingine. Kwa hiyo kipaji cha mtu hakikupimwa kwa uzuri wake. Kilipimwa kwa kile kinachozaa.

Jamaa nayo ilikuwa na shida zake. Tempels alirudi Ulaya katika 1962. Nyuma yake makundi mengine yalijifungia katika siri zao, na katika miaka ya 1970 maaskofu waliwakatalia njia. Uhuru bila mtu wa kuuliza swali unaweza kupotea. Lakini yale maneno matatu ni mali yetu, yalisemwa kwa lugha yetu, na ninayakamata kama kipimo.

3. Pale zote mbili zilikutana

Tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilikubali Misa kwa ajili ya majimbo ya Zaire, kazi ambayo Kardinali Malula aliitetea kwa miaka mingi. Ndani yake ngoma ya Kamina na neno la Kolwezi vinakaa pamoja: lugha za watu, kucheza wakati wa Gloria, kuwaita watakatifu na mababu, mtangazaji anayeamkia kusanyiko, watu kukaa wakati Injili inasomwa kama mbele ya mkubwa anayesema, toba na amani kutolewa kabla ya matoleo. Papa Fransisko aliiongoza Misa ya namna hii katika basilika ya Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019.

Wengine wanasema: "Liturujia ina sheria, kila mtu hawezi kuleta ya kwake." Ni kweli. Lakini Misa hii ndiyo jibu. Watu walibuni, wakajifunza, wakaulizwa maswali, wakasahihisha, wakangojea. Sheria na ubunifu siyo maadui. Adui wa ubunifu ni uvivu, na adui wa pili ni woga.

4. Na sisi leo?

Ingia katika korale zetu, ziwe za Katoliki, za Metodisti, za Garenganze au za makanisa ya uamsho. Sauti ziko. Kanzu zinang'aa. Lakini sikiliza wimbo wenyewe: mara nyingi umekopiwa kutoka Kinshasa au Afrika ya Kusini, pamoja na pumzi na kikohozi cha mwenye wimbo. Kinanda cha umeme kinatoa mdundo uliotengenezwa mbali, na mpiga ngoma anakaa kwenye benchi. Kijana akileta wimbo wake, anaambiwa angojee. Na siku ukiimbwa, jina lake halitajwi. Ni upungufu ule ule wa diski ya Kamina, lakini mara hii hakuna mzungu wa kulaumu.

Juu ya nini jambo hili ni zito? Sababu kijana asiyepewa nafasi haachi kipaji chake mlangoni. Anaondoka nacho. Mmoja anakwenda kuimbia baa, mwingine anafungua kanisa lake mwenyewe, wa tatu ananyamaza, na huyu wa tatu ndiye ninayemuhurumia zaidi. Mimi mwalimu ninawaona darasani: mtoto anayejua kutunga mistari mizuri kwa Kiluba au Kibemba, lakini anaona haya, kwani hakuna mkubwa aliyemwambia ya kwamba kitu hiki kinaweza kumtumikia Mungu.

Kuna pia hatari ya upande mwingine. Siku hizi neno "kipaji" limekuwa neno la biashara. Mwimbaji anajenga jina lake, anauza picha zake, na kusanyiko linageuka kuwa watazamaji. Jiwe la uzazi linamhukumu huyu vilevile. Tumuulize: umemfundisha nani? Nyuma yako nani anaimba? Kama jibu ni "hakuna", basi kipaji chake ni kizuri lakini ni tasa.

Tena kipaji siyo wimbo peke yake. Fundi mbao anayetengeneza altare, mama anayeshona vitambaa, mzee anayejua kasala, msichana anayeandika michezo ya Noeli: hawa wote wanatafuta kusudi la maisha yao ndani ya kanisa, na mara nyingi tunawaita tu siku ya kazi ya mikono.

5. Mambo yanayowezekana

Siombi mambo makubwa. Kila korale iweke daftari la nyimbo zake, na mbele ya kila wimbo liandikwe jina la mtunzi na mwaka. Kila mwezi pawe na jioni moja ya kujaribu, ambapo wimbo unaweza kuharibika bila mtu kuchekwa, kwani wale wa Kamina nao walijaribu mara nyingi kabla ya siku ile ya Machi. Mwimbishaji afundishe noti kwa wawili au watatu, ili kazi isife pamoja naye. Na kabla ya kutafuta wimbo katika simu, tuwaulize kwanza mabibi zetu wanaimba nini wanapolia na wanapofurahi.

Misa Luba tuisikilize tena, lakini tusiiabudu. Inatuonyesha watoto na walimu wa mji mdogo wakifanya kazi kubwa kwa sababu mtu aliwaambia: leteni chenu. Deni letu ni kusema neno hilo kwa vijana wetu, kwa lugha wanayoifahamu, na wakileta, tuandike majina yao.