Kumbukumbu za Magazini: Sifa za Zamani au Shutuma za Leo?

Makala haya mafupi yanahakiki masimulizi ya Kiswahili kuhusu maduka ya kifahari ya enzi ya Wabelgiji huko Katanga. Mwanafunzi anayekusanya masimulizi Ankoro, pale Luvua inapoungana na Lualaba, au Kalemie, iliyoitwa Albertville wakati wa ukoloni, huenda akawasikia wazee wakisifu "magazini" zilizosheheni vitu. Neno hilo limetoka katika Kifaransa, lakini asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa neno "hazina".

Je, msimuliaji anautamani ukoloni? Wapo wanaodhani hivyo. Sisi hatukubaliani nao, na ushahidi tunaupata Lubumbashi, yaliyokuwa makao makuu ya Katanga, mkoa ambao Ankoro ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 2015.

Ushahidi wa kwanza ni maandishi yaliyotayarishwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha mji huo, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, ambayo Johannes Fabian aliyachapisha pamoja na ufafanuzi mwaka 1990. Humo anasa ya Mzungu inatazamwa na mtu aliyeipika, aliyeifua na aliyeibeba. Ushahidi wa pili ni michoro. Miaka ya 1970 wakazi wengi wa mji huo walitundika sebuleni picha ya aina iliyojulikana kama "Colonie Belge", inayoonyesha mfungwa akichapwa viboko mbele ya ofisa Mbelgiji. Tshibumba Kanda Matulu ni miongoni mwa wachoraji wake mashuhuri. Basi sebule iliyopambwa kwa fanicha ilipambwa pia kwa kiboko. Watu hawakuwa wamesahau.

Kwa nini basi magazini zisifiwe? Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kutwaliwa kwa biashara za wageni. Maduka mengi yakagawiwa watu waliokuwa karibu na utawala, na si machache yaliyobaki na rafu tupu. Kwa hiyo anayesifu rafu zilizojaa anawashutumu waliozikomba. Zamani kwake ni kipimo cha leo.

Hata hivyo, masimulizi haya yana kasoro. Yanataja bidhaa na kunyamaza juu ya mnunuzi. Miji ya kikoloni ilitenga mtaa wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, na Mwafrika hakuruhusiwa kutembea usiku katika mtaa wa Wazungu bila kibali. Aidha, ushahidi tulioutumia ni wa mjini na wa wanaume. Mwanamke wa Ankoro bado hajasikika humo.

Tunapendekeza, basi, kwamba mtafiti asiridhike na swali "Uliona nini?" Aulize pia: "Ulinunua nini, na kwa mshahara wa nani?" Bila majibu hayo, tutakuwa tumeandika historia ya bidhaa tukidhani ni historia ya watu.