Kosa Lililofutwa na Kosa Lililofichwa

Wapenzi wa vitabu vya picha za kuchekesha wamjua Tintin, kijana mwandishi wa habari aliyechorwa na Hergé, Mbelgiji. Safari yake ya Kongo ilitolewa kitabuni mwaka 1931, hali mchoraji mwenyewe alikuwa hajaikanyaga nchi hiyo. Humo Tintin aingia darasani, awafundisha watoto Waafrika kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka 1946 Hergé alikichora kitabu upya kwa rangi. Somo likawa hesabu, mbili na mbili, wala hapana mtoto ajibuye! Sisi walimu twaona wazi: tusi moja limeondolewa, jingine limeketi mahali pake. Tena midomo minene na Kifaransa kibovu vilibaki vile vile.

Kwa hiyo nausifu mkusanyo uitwao Archives Hergé, ambao kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1973, kilizirudisha kurasa za kale zisizo rangi. Wengine husema heri zingeachwa zioze. La, sivyo. Mwanafunzi akifuta ubao upesi, mwalimu hajui alikosa wapi. Viweke vitabu vyote viwili mezani, uvisome pamoja. Ndipo utakapopambanua lililosahihishwa na lililofichwa.