Kulala Mkavu Ndani ya Theluji

Wanaoisifu nyumba ya theluji ya Wainuit wa kaskazini mwa Kanada husifu kuba lake, nalo linastahili. Mjenzi husimama ndani ya duara, anakata matofali kwenye sakafu ileile atakayolalia, anayapandisha kwa kuzungusha, kila moja likiinamia ndani na kumbana jirani yake, hadi tofali la mwisho lizibe tundu la juu. Hakuna nguzo wala boriti. Mimi hustaajabu zaidi kwamba watu walilala wakavu ndani ya nyumba ambayo yenyewe ni maji.

Ustadi huanza kwenye kuchagua theluji. Iliyoanguka jana, ingali laini, haifai. Inatakiwa ile iliyoshindiliwa na upepo wa dhoruba moja, maana yenye matabaka hukatika vibaya. Mwindaji huichoma kwa ufito mwembamba na kusikia mkononi jinsi unavyozama. Theluji hiyo ina hewa nyingi iliyotulia, nayo huzuia baridi: nje panaweza kuwa nyuzi 40 chini ya sifuri, ndani pakakaribia sifuri.

Mlango hukaa chini kuliko malazi. Hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hubaki huko, na familia ililala juu ya jukwaa lililotandikwa ngozi za karibuu, mnyama ambaye nywele zake zina uwazi ndani unaoshika hewa vilevile.

Kulitunza joto la ndani ilikuwa kazi ya mwanamke, na naona haijasifiwa inavyostahili. Taa yake ilichongwa katika jiwe laini, la jamii ya lile wanalochonga Wakisii, na iliwaka kwa mafuta ya sili. Moto ukizidi, kuta zinavuja. Ukipungua, watu wanatetemeka. Aliutunza utambi kutwa, akiurefusha na kuufupisha, huku viatu na glovu vikikauka kwenye kichanja juu ya taa. Dari lililochongwa laini huyateremsha maji ukutani, na theluji huyanywa. Penye tone linaloning'inia hubandikwa donge la theluji, nalo hulifyonza. Tundu dogo linalotobolewa juu hutoa hewa chafu.

Kabla ya kuingia, kila mtu alizikung'uta nguo zake kwa kijiti hadi zisibaki na chembe. Theluji inayoyeyuka kwenye manyoya jioni huwa barafu asubuhi, na vazi la barafu huua. Naliheshimu tendo hili dogo kuliko hata lile tofali la mwisho, kwa sababu lilifanywa kila siku, na watu waliochoka.

Leo Wainuit wengi wanaishi katika nyumba zenye hita. Ukitaka kuona mikono ikijenga, tafuta filamu fupi ya Douglas Wilkinson, How to Build an Igloo, iliyotolewa Kanada mwaka 1949. Tazama hasa kisu cha wajenzi: hakipotezi hata mkato mmoja.