Fundi Anayelisubiri Kosa

Aliyewahi kumiliki gari bovu anaijua fedheha hii: nyumbani linagoma asubuhi tatu mfululizo, ukilivuta hadi gereji linawaka kwa mpigo wa kwanza, na fundi anakutazama kama mtu aliyekuja kumpotezea muda. Kompyuta yangu mpakato ilinifanyia hivyo kwa miezi minne. Mausi ya waya ilikuwa ikikatika katikati ya kazi, mashine inalia ule mlio wake mfupi, kisha unakuja ujumbe kwamba kifaa cha USB hakitambuliki. Baada ya dakika kumi, au baada ya siku tatu, Bluetooth nayo inatoweka. Sisemi inazimika. Inatoweka kabisa, hata kitufe cha kuiwasha hakionekani kwenye mipangilio, kana kwamba mashine haikuzaliwa nayo. Kisha bila sababu unaifungua asubuhi na kukuta vyote vimerudi.

Fundi wa kwanza, mtaani kwetu Kigamboni, alipiga Windows upya. Nafuu ikadumu siku nne. Wa pili naye alipiga Windows, akaongeza na draiva mpya, nikapata wiki moja. Nililipa mara mbili kwa ugonjwa mmoja, na katikati hapo zikapotea picha ambazo sitazieleza kwa kuwa bado zinaniuma. Siwaiti wezi. Mteja anasimama mlangoni na kuuliza "bado tu?", na kupiga Windows ni kazi ambayo mteja anaiona inatendeka.

Wa tatu nilielekezwa Kariakoo, mtaa wa Aggrey, ghorofa ya pili, kwenye chumba kinachotosha meza moja na viti viwili vya plastiki. Nilifika saa tatu asubuhi nikiwa na nia ya kuiacha mashine na kuondoka. Nikatoka alasiri.

Kijana anayejifunza kazi alinipa shikamoo na kuipokea mashine, na kidole chake kilikuwa kinaelekea kwenye kitufe cha kuzima. "Dogo, usiizime," fundi alisema bila kuinua kichwa. Kisha kwangu: "Karibu mzee wangu. Kaa, unisimulie." Akafungua kauntabuku lenye mistari aliyoichora kwa rula, akaandika tarehe.

Nimeshahojiwa na madaktari wengi waliouliza machache kuliko yeye. Ilianza mwezi gani? Siku ile ulikuwa umechomeka nini, na upande upi, kulia au kushoto? Inatokea ikiwa kwenye chaja, au hata kwenye betri? Mvua ilikuwa inanyesha? Ukiihamisha kutoka mezani hadi kwenye mapaja, inabadilika? Ikisumbua, unaizima na kuiwasha, au unabonyeza ile ya kuiwasha upya? Hilo la mwisho nililiona la kipuuzi, nikasema vyote ni kimoja. Akatabasamu, akanieleza jambo ambalo lingeniokolea nusu ya hasira zangu. Tangu Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa hazizimi kila kitu: kiini cha mfumo hulazwa kwenye diski pamoja na hali ya madraiva yake, ili kesho mashine iwake haraka. Kwa hiyo draiva iliyochanganyikiwa usiku hurejeshwa asubuhi pamoja na mchanganyiko wake. Ukiiwasha upya, ndipo kila kitu huanza mwanzo. Miezi minne nilikuwa naulaza ugonjwa jioni na kuuamsha asubuhi.

Swali lililofuata ndilo lililobeba kila kitu, ingawa nililijibu bila kulifikiria. "Wi-Fi nayo imewahi kutoweka?" Nikasema hapana, hata siku moja. Akapiga mstari chini ya jibu hilo, mara mbili.

Ndani ya kompyuta nyingi za siku hizi, Wi-Fi na Bluetooth hukaa kwenye kadi moja ndogo, mara nyingi ya milimita 22 kwa 30, kubwa kidogo tu kuliko stempu. Kadi ni moja lakini midomo ni miwili. Upande wa Wi-Fi huongea na mazabodi kwa njia iitwayo PCIe. Upande wa Bluetooth huongea kwa njia ya USB, ileile inayotumiwa na mausi na flashi. Bluetooth ya kompyuta yako, kwa maneno mengine, ni kama kiflashi kilichochomekwa ndani ambacho huwezi kukichomoa. Kadi ingekuwa imekufa, Wi-Fi ingeyumba nayo. Haikuyumba. Mimi nilileta malalamiko mawili, yeye akaandika moja: njia ya USB. Mafundi wawili kabla yake waliyashughulikia kama magonjwa mawili, na mmoja alikuwa ameshanishauri ninunue kadi mpya.

Nilipomwuliza basi "hakitambuliki" maana yake nini, alinipa mfano wa mlango. USB ya kwanza ilitolewa mwaka 1996 ili kumaliza vurugu ya matundu ya kila umbo nyuma ya kompyuta, na katika umbo lake la awali ina nyaya nne: mmoja wa umeme wa volti 5, mmoja wa kurudisha, na mbili za data. Ukichomeka mausi, kipingamizi kidogo cha kiloomu 1.5 kilichomo ndani yake huinua volti kwenye mmoja wa nyaya za data. Hiyo ndiyo hodi. Kompyuta inasikia, inaipa nafasi, kisha inauliza: wewe nani, umetoka kwa nani, unahitaji umeme kiasi gani? Kifaa kikijibu vizuri kinapewa namba, kati ya 1 na 127, na kinakaribishwa. "Sasa ule ujumbe wako," alisema, "hausemi mausi imekufa wala Windows imeharibika. Unasema tumesikia hodi, tumeuliza nani, hatukuelewa jibu." Kosa namba 43 la Windows, ambalo watu hulikimbilia kama jina la ugonjwa, mara nyingi ni habari hiyo tu ya mazungumzo yaliyovunjika. Aliyevunja anaweza kuwa mgeni, anaweza kuwa mwenyeji, na unaweza kuwa mlango wenyewe.

Kisha akaanza kulisubiri kosa.

Kwanza aliiondoa Windows kwenye ushahidi. Alichomeka upande wa kushoto flashi yake yenye Linux, lakini akaipakia yote kwenye RAM kabla ya kufanya lolote. Nikauliza kwa nini asiiache iende kutoka kwenye flashi. "Kosa likija litaibeba na flashi," alisema. "Nitabaki na skrini iliyoganda na sijasoma kitu." Hapo ndipo nilipovutwa na kazi ya mtu huyu. Kabla hajaliona kosa alikuwa ameshaliwekea kiti, na ameshahakikisha shahidi hatauawa pamoja na marehemu. Kwenye skrini ukabaki ukurasa mweusi ambao huandika kila tukio la vifaa, mstari kwa mstari, na muda wake.

Mausi kulia. Dakika ishirini, kimya. Akaandika. Akachomoa chaja, akaiacha kwenye betri. Kimya. Akaandika. Akauruhusu mfumo uzilaze USB zisizotumika ili kuokoa umeme, kwa sababu kifaa kikishindwa kuamka kutoka usingizi huo huleta dalili kama zangu. Huko ndiko wengi huanzia na kuishia: wanazima uokoaji wa umeme, wanaomba kheri. Kwangu usingizi haukuwa na hatia. Akaukata kwa mstari na kuurudisha kama ulivyokuwa. Kila alipobadilisha kitu kimoja alikirejesha kabla ya kugusa cha pili, na kijana alipotaka kubadilisha mausi na tundu kwa pamoja ili kuokoa muda, alizuiwa kwa jicho.

Katikati ya kungoja huko aliingia dada mmoja na malalamiko kwamba spika zake za masikioni za Bluetooth zinakwaruza kila anapohamishia kazi kwenye diski ya nje. Fundi hakushika bisibisi. Aliuliza diski inachomekwa upande gani, akaihamishia upande wa pili kwa waya mrefu zaidi, mkwaruzo ukaisha. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ikiruka kutoka chaneli hadi chaneli kati ya 79, hadi mara 1,600 kwa sekunde, kukwepa kelele. Lakini USB 3.0, inapopitisha data kwa kasi, hutoa kelele inayofunika eneo lote hilo, na anayeruka ndani ya kelele pana hana pa kutua. Kampuni ya Intel yenyewe iliandika waraka juu ya jambo hili mwaka 2012. Dada alitozwa shilingi elfu tano na akaondoka akilalamika kwamba fundi hakufanya kitu.

Saa saba ikapita. Nikaletewa chai. Fundi alitoa mausi, akachomeka diski ya nje kwenye tundu lilelile la kulia kwa sababu diski hula umeme mwingi zaidi, kisha akaweka kidole gumba juu ya kichwa cha waya na kukibonyeza chini, polepole, kama mama anayepima joto la uji. Ukurasa mweusi ukajaa. Kosa -71, tena -71, ambalo maana yake ni kwamba kifaa kimejibu maneno yasiyoeleweka. Kisha -110: tumengoja jibu, halikuja. Kisha mstari ukasema kwamba msimamizi mzima wa USB amekufa, na chini yake, baada ya sekunde kidogo, Bluetooth ikaandikwa kuwa imeondoka.

Nilitaka kushangilia. Yeye alimwambia kijana tu, "Umeliona?" Akaiwasha upya mashine, akarudia. Likaja. Akarudia mara ya tatu, likaja kwa mstari uleule. "Mgeni siku mbili," alisema, na sasa ndipo alipochukua bisibisi, "ya tatu mpe jembe."

Kuhusu ufunguaji wenyewe sina mengi, isipokuwa zile skrubu. Alichora umbo la mashine kwenye karatasi na kuchomeka kila skrubu mahali pake, kwa sababu hazilingani urefu, na ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi hutoboa ubao. Akakata betri, akashikilia kitufe cha kuwashia kwa muda ili umeme uliosalia uishe. Tundu la kulia lilikuwa kwenye kibao chake kidogo, kilichounganishwa na mazabodi kwa utepe bapa. Aliniita nichungulie kwenye lenzi. Kati ya pini ya kwanza, inayobeba zile volti 5, na ya pili, inayobeba data, palikuwa na ukungu wa kijani, mwembamba kama uzi wa buibui. Mimi nakaa karibu na bahari na ninaandika dirisha likiwa wazi. Miaka mitatu upepo wa chumvi ulikuwa unajenga daraja hapo, na kila kichwa cha waya kilipoinama, umeme ulivuka.

Akapima kwa mita. Nyaya mbili za data ni mapacha, alieleza, zinatakiwa zisome sawa. Za kushoto zilisoma sawa. Za kulia, mmoja ulikuwa chini na namba zake zinachezacheza. Akasugua kwa mswaki na spiriti, akapima tena: mapacha wakalingana. Mtu mwingine angefunga mashine hapo, nami ningelipa na kumshukuru. Yeye alitazama tena kwenye lenzi, akaona pini yenyewe imeliwa. Akalitoa tundu zima kwa hewa ya moto, akatafuta jingine kwenye boksi la mashine zilizokufa, akalilehemu pini tisa moja baada ya nyingine, na kurudi kwenye ule ukurasa mweusi na diski ileile na kidole gumba kilekile. Alibonyeza kwa nusu saa. Nilihesabu.

Alinitoza shilingi 40,000, akanizimia ule uwashaji wa haraka, na kuniambia nirudi baada ya wiki tatu, nisilete pesa. Nilirudi siku ya ishirini na moja. Akafungua kauntabuku kwenye ukurasa wangu, ambao mstari wa mwisho aliuacha wazi, akaniuliza maswali matatu kati ya yale ya mwanzo, akaandika tarehe. Nilidhani ataandika "imepona". Aliandika "kosa halijarudi".