Jina la Paa ya Paa na Suala la Uigaji

Kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1965 na Elimo Njau na wenzake, na ambacho baadaye kilihamia Ridgeways, mashariki ya Kitisuru, kina jina linalomtatiza mwanasarufi. Paa mnyama hudai «wa». Paa la nyumba hudai «la». Kiunganishi «ya» hakimridhishi yeyote kati yao. Lakini lisomwapo kama kitenzi, «paa yapaa», upatanisho hufuata umbo la neno badala ya uhai wa mnyama, na maana hupanda juu pamoja naye.

Uhuru huo haukutokea ovyo. Njau, aliyepinga uigaji katika sanaa, alikuwa amekwisha kuchora kuta za kanisa la Murang'a mwaka 1959, akiyaweka maisha ya Kristo katika mandhari ya Wagikuyu. Mkono ulitangulia kufanya kazi, ndipo jina likafuata.

Hapo ndipo hatari ilipo kwa mwanafunzi: akiiga ukiukaji wa kanuni bila kuishika rangi wala neno, uigaji humrudia kinyemela.