Ukungu wa Mishima

Fahari ya chapa za mbao za Japani ni mstari. Mchongaji wa Edo, jiji ambalo leo ni Tokyo, alibandika mchoro juu ya ubao wa mcheri, akachimba huku na huku mpaka mstari mwembamba kama unywele ukabaki umesimama peke yake. Ajabu ni kwamba baadhi ya chapa zinazokonga moyo zaidi ni zile ambazo mstari umeondolewa makusudi, kikabaki kivuli.

Itazame Mishima, katika chapa za mchoraji Utagawa Hiroshige za vituo 53 vya barabara ya Tokaido, za miaka ya 1830. Ni alfajiri ya ukungu. Katikati, wachukuzi wa machela na msafiri aliyepanda farasi wamechorwa kwa mistari na rangi kamili. Nyuma yao, wapita njia wengine, nyumba na lango la hekalu ni vivuli vitupu: hakuna macho, hakuna mikunjo ya nguo. Hata hivyo, kwa umbo tu la mwili na kofia unajua kuwa hawa wako safarini.

Ukungu huo haukutoka kwenye patasi. Mchapaji aliulowesha ubao, akapaka rangi na kuififisha taratibu upande mmoja, akalaza karatasi yenye unyevu, kisha akasugua mgongo wake kwa kisugulio kilichofungwa ganda la mwanzi. Rangi ikizidi, ukungu unakuwa ukuta. Maji yakizidi, msafiri anatoweka. Na kila karatasi ilidai kipimo hicho upya, ndiyo maana nakala za ubao mmoja hazilingani.

Mahali pengine kivuli kinafanya kazi ya pazia. Katika chapa ya 1857 ya Tsuki no Misaki, huko Shinagawa, Hiroshige anatuonyesha waziwazi mwezi mpevu, ghuba na mabata bukini angani. Mwanamke anabaki nyuma ya mlango wa karatasi. Tunapewa umbo lake na pindo la vazi linalochungulia. Uso ungemaliza habari. Kivuli kinaiacha wazi.

Chapa hizi zina sahihi ya Hiroshige, na ni haki yake, kwani ndiye aliyeamua nani apewe uso na nani anyimwe. Lakini nakala moja ya Mishima ikikupendeza kuliko nyingine, sifa hiyo ni ya mchapaji, ambaye jina lake halimo.