Sindano yenye akili, lakini kipande atakisoma nani?



Habari ya sindano "yenye akili" inazunguka kwenye simu zetu: nchani iko na kifaa kidogo sana cha kupimia, na eti inagundua kansere papo hapo. Wengi wameipigia makofi. Mimi napiga nusu.

Munganga akishuku kansere ya titi ao ya ini, anachoma sindano, anatoa kipande. Kinatiwa formoli, kinakatwa chembamba, kinapakwa rangi, kinasomwa kwa mikroskopi. Hatari ya kwanza ni kukosa uvimbe na kuchota nyama nzima ya pembeni. Pale njo kifaa kinasaidia. Vingine vinatumia mwanga, vingine umeme kidogo, kwa sababu nyama yenye ugonjwa na nyama nzima hazijibu sawasawa. Ni kazi nzuri, siikatai.

Kosa ni kutuambia kwamba mtu wa mikroskopi hahitajiki tena. Alama za mwanga na umeme zilipata maana kwa kulinganishwa na majibu yake. Yeye njo mwalimu wa sindano. Na aina ya kansere, ile inayoamua dawa, bado anaisema yeye.

Mukumbuke Kampala. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, aliandika juu ya uvimbe wa mataya ya watoto. Vipande vikatumwa kwa ndege London, kwa Anthony Epstein. Mwisho wa 1963 ukungu ulifanya ndege moja itue Manchester. Kipande kilichelewa, lakini kilifika, na wa kukichunguza alikuwako. Mwaka 1964 virusi tunavyoita Epstein-Barr vikatangazwa. Chombo cha kukatia hakikuwa cha ajabu. Njia ya kipande njo ilikuwa nzima.

Sasa turudi kwetu. Kamina ni njia panda ya reli, tunajua maana ya mzigo kufika ao kulala njiani. Kabla ya kuuliza sindano ile itafika lini, tuulize: mama wa Sanga akitolewa kipande leo, formoli iko? Nani anakipeleka? Nani anakisoma? Jibu linamrudia siku gani, angali na nguvu ya kutibiwa?

Na ninyi wadogo zetu wa medisini: wote munataka kuwa wapasuaji. Hata mmoja asichague kusoma vipande?